Nafasi ya Chini

Sanduku lilipotua juu ya meza, vikombe viliruka. Lilikuwa la chuma cheusi, kimo cha ndoo ya maji, na ndani yake mlikuwa na diski sita zilizobeba miaka arobaini ya maonyesho ya Liao Huo-tu, bingwa wa vikaragosi wa mkoa wa Yunlin, ambaye huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kaburini. Aliyelileta ni mwanawe wa kiume, Ping-kun. Aliyelipokea ni binti yake mkubwa, Tsai-luan, mwanamke wa miaka hamsini na sita, akiwa bado na kandambili miguuni na povu la dawa ya meno kwenye pembe ya mdomo.

"Ulisema Alhamisi," Tsai-luan alisema.

"Wamebadilisha ratiba, dada. Gari la makumbusho linakuja kulichukua leo saa moja jioni. Mimi nitalipitia saa kumi na mbili."

"Leo Jumanne."

"Hata mimi nina kalenda." Ping-kun alikuwa na sauti ya mikwaruzo, kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji. "Wakishatia sahihi, hakuna nakala nyingine itakayotoka. Ndivyo mkataba unavyosema. Ningeweza kulipeleka moja kwa moja nisipite hapa kabisa. Nimepita. Shukuru basi."

Akaweka kando ya sanduku kijitabu cha maonyesho. Jaladani palikuwa na picha ya baba na mwana, kila mmoja ameinua kikaragosi mkononi, na juu yao maandishi mekundu: *Kinywa Kimoja, Vizazi Viwili*. Tsai-luan alikipekua hadi mwisho, akarudi mwanzo, akakipekua tena, kama mtu aliyedondosha sindano.

"Na mimi niko wapi humu?"

"Ukurasa wa kumi na nne."

Ukurasa wa kumi na nne, chini kabisa, ulikuwa na mstari mmoja: Shukrani kwa familia.

"Ping-kun, nilimfanyia baba sauti miaka mitano."

"Tusianze tena." Alikuwa ameshainama mlangoni, anavaa viatu. "Uliyasema haya msibani, mbele ya shangazi zetu wote, mpaka mama, Mungu amrehemu, akainamisha kichwa kwa aibu. Baba alikuwa na kinywa kimoja kilichowatosha watu mia. Kisiwa kizima kinajua. Wewe ulikuwa unachemsha maji, dada. Ni kazi pia. Hakuna aliyeidharau."

Akatoka, akaurudisha mlango taratibu. Hilo ndilo lililomuudhi Tsai-luan kupita yote: kwamba hata hakuubamiza.

Hasira yake haikuwa ya asubuhi ile. Ilikuwa na umri. Ilizaliwa mwaka alipotimiza kumi na minne, siku baba yake alipomshika mkono akampeleka nyuma ya jukwaa, akamkalisha juu ya kreti la mchuzi wa soya, chini ya mbao waliposimama wachezaji, akampa kipaza sauti kilichofungwa leso, na kumwambia: "Mwanamke akilia, lia. Akiimba, imba. Kazi ikiisha, kimya." Tangu siku hiyo kila mjane, kila binti wa mfalme, kila jini wa kike aliyewatoa watu machozi katika viwanja vya mahekalu alitoka kooni mwake. Watazamaji walitikisa vichwa wakisema Huo-tu ana miujiza: mwanamume mwenye shingo ya nyati anaipata wapi sauti ya namna ile? Siku za maonyesho Tsai-luan alikatazwa kuzungumza mbele za watu, muuza karanga asije akaitambua sauti. Akitaka kitu, alikionyesha kwa kidole. Katika mji mmoja walimdhania bubu, na mama mmoja akamhurumia, akampa pera bure. Alilila pera lile huku machozi ya hasira yakimtiririka, nalo lilikuwa tamu.

Alipofika kumi na tisa baba yake alimwambia basi, inatosha. Binti huolewa, na sauti yake huhamia ukoo mwingine. Hakuolewa. Alihamia Taipei, akaajiriwa redioni katika chumba cha kuchanganyia sauti, na kwa miaka thelathini na saba, kwanza pale kisha nyumbani, akawa anasafisha sauti za watu wengine, anawaondolea kikohozi na mafua, huku yeye mwenyewe akizungumza chinichini kama mtu aliye hospitalini.

Sasa kulikuwa na saa tisa tu.

Kompyuta yake ya mezani aliiunda kwa mikono yake, kipande kwa kipande, alipoacha kazi ya redio na kuanza kuhariri vitabu vya kusikiliza nyumbani. Ilikuwa na nguvu, lakini mlango wake wa mtandao ulikuwa wa kawaida, na Tsai-luan alishapiga hesabu: kwa njia ile, kuhamisha kila kilichokuwamo sandukuni kungechukua zaidi ya saa kumi na tano. Ndiyo maana wiki iliyopita aliiongezea kompyuta diski ya pili, ile ya kisasa iliyo bapa kama kipande cha chingamu, ipate nafasi ya kutosha. Na jana akanunua kadi ya mtandao wa kasi, inayopitisha mara kumi ya ule wa kawaida. Sanduku la mdogo wake lilikuwa na mlango wa kasi hiyo hiyo. Kwa kadi ile kazi nzima isingezidi saa tatu au nne. Alipanga kuipachika Jumatano, kwa raha zake, baada ya chai.

Na mafaili yale hayakuwa na majina. Kijana aliyelipwa kuzigeuza kanda za zamani alizitoa kwenye makasha ya mvunguni bila mpango, akazipa namba tu, kuanzia moja hadi elfu moja mia moja na sita. Miaka yake mitano ilikuwa imetawanywa humo kama mchele uliomwagika kwenye changarawe. Ama achukue yote, ama asiwe na hakika ya chochote.

Alilaza kasha la kompyuta ubavu kwenye meza, akafungua ubavu wa pili kwa bisibisi. Akagusa chuma kwanza, apoteze umeme wa mwilini. Kwenye ubao mama, ule unaobeba vipande vyote, kulikuwa na nafasi mbili ndefu za kupachikia kadi. Ya juu ilikaliwa na kadi ya picha, kubwa, yenye feni mbili. Ya chini ilikuwa tupu. Akang'oa kibati kilichoziba tundu la nyuma, akaishika kadi mpya kwa kingo, akayalenga meno yake ya dhahabu, akaikandamiza mpaka ikalia *tak*. Akakaza skrubu. Akaunganisha waya wa bluu kutoka kwenye kadi hadi kwenye sanduku. Akawasha.

Kompyuta ikaamka vizuri, ikaonyesha kila kitu isipokuwa kadi.

Akazima, akaichomoa, akayafuta meno yake kwa kitambaa na spiriti, akairudisha. Patupu. Akabadili waya. Patupu. Taa ndogo ya kijani iliyopaswa kuwaka ubavuni mwa kadi ilibaki jicho la samaki aliyekufa.

"Mbwa," Tsai-luan alisema, na hakujua anamtukana nani kati ya kadi, muuza kadi, na Ping-kun.

Ikawa saa nne. Akaitoa kadi, akaunganisha sanduku kwa ule mlango wa kawaida, akaamuru uhamishaji uanze. Kwenye kioo kukatokea mstari mwembamba wa kijani, na chini yake: *Muda uliobaki, saa 15 na dakika 40*. Heri nusu shari. Akauacha mstari utambae, akatia kadi mkobani na kushuka ngazi mbilimbili kwenda kupanda treni.

Duka lilikuwa ghorofa ya tatu ya jumba la kompyuta, si mbali na Barabara ya Bade. Mwenye duka, Bwana Yu, alikuwa ameketi nyuma ya kabati la vioo akifungua mfuniko wa chakula chake cha mchana: wali, paja la kuku, na nusu ya yai lililopikwa kwenye chai. Tsai-luan aliiweka kadi kando ya kuku.

"Kadi yako imekufa."

Bwana Yu hakuinuka. "Kadi hazifi siku moja, shangazi. Huuawa."

"Unasema nimeiua?"

"Sijasema ni wewe. Nani alikuundia hiyo kompyuta? Mumeo? Mwanao? Mwambie aje. Mimi na yeye tutaelewana kwa maneno mawili."

Wahenga walisema hasira hasara, na Tsai-luan alikuwa ameuishi usemi huo tangu utoto: alinyamaza kwa baba, alinyamaza kwa wakubwa wa redioni, hata msibani aliitwa mwongo akarudi kuketi. Lakini siku hiyo koo lilikataa. Kilichotoka hakikuwa ile sauti yake ya hospitalini. Kilikuwa kitu kilichofunzwa kufika mstari wa mwisho wa uwanja, hadi kwa mzee aliye kiziwi nyuma ya kibanda cha soseji.

"Kompyuta nimeiunda mimi! Kila kipande, hadi skrubu ya mwisho! Mume sina, mwana sina, na saa sina! Simama uipime kadi hiyo mbele yangu, au niwaeleze wateja wako wote unavyowapokea watu!"

Mtu mmoja aliyekuwa akichagua kibodi duka la tatu kutoka pale alijikuta ameirudisha kwenye rafu. Bwana Yu alifunika chakula chake polepole, akasimama, akaichomeka kadi kwenye kompyuta yake ya majaribio iliyokuwa wazi ukutani, akawasha.

Taa ya kijani ikawaka papo hapo.

"Haya," alisema Bwana Yu. "Marehemu anatusalimia."

Vijana wawili wakacheka. Tsai-luan alihisi damu ikimpanda usoni hadi kwenye mizizi ya nywele. Alitamani kadi ile iwe imekufa kweli. Alitamani jambo hilo kwa moyo wake wote, na kulitamani huko kulimtia hasira mpya, maana alikuwa amepanda treni ili aponywe, si ili awe na haki.

Bwana Yu alikuwa akimtazama. Labda aliona kitu, maana alipoongea tena alikuwa ameshusha sauti.

"Umeipachika nafasi ipi?"

"Ya chini. Juu kuna kadi ya picha."

"Diski bapa unazo ngapi?"

"Mbili. Ya pili niliiongeza wiki jana."

"Ahaa!" Alipiga kabati kwa kiganja. "Kikulacho ki nguoni mwako. Kwenye ubao kama wako, diski ya pili na nafasi ya chini hunywa bomba moja. Ukimpa huyu, yule hapati tone. Imeandikwa kwenye kitabu chake, herufi za kimo cha sisimizi, chini ya jedwali. Mtengenezaji anajua hakuna atakayesoma."

"Mimi nilisoma."

"Ulisoma kabla ya kununua diski ya pili."

Ilikuwa kweli. Tsai-luan alitikisa kichwa. "Diski siwezi kuitoa. Bila hiyo sina pa kuweka mzigo."

"Kadi ya picha unaihitaji leo?"

"Inaendesha vioo vyangu viwili."

"Leo tazama kimoja. Ubao wako una tundu la kioo nyuma, picha za kawaida utazipata bila kadi yoyote. Mng'oe huyo bwana mkubwa wa juu, mweke huyu mdogo mahali pake. Nafasi ya juu ina bomba lake peke yake, moja kwa moja hadi kwenye ubongo." Akaichomoa kadi, akampa kwa mikono miwili. "Nenda. Na kuhusu lile la mumeo..."

"Umenitukana na umenisaidia," Tsai-luan alimkatiza. "Moja halilifuti jingine."

"Mama yangu naye huwa ananiambia hivyohivyo," Bwana Yu alisema, akaketi kuula wali wake uliopoa.

Alifika nyumbani saa saba kasoro dakika kumi. Mstari wa kijani ulikuwa umekula asilimia kumi na nane. Akausimamisha, akazima, akalaza kasha tena. Kadi ya picha ilishikiliwa na ndoana ndogo ya plastiki, imejificha chini ya mabawa ya feni. Ndoana ikamchubua kucha. Alipoing'oa, nafasi ya juu ilibaki wazi, na alipoitazama alijikuta anasema kwa sauti, peke yake chumbani: "Miaka yote hiyo, na hapa palikuwapo." Akaipachika kadi ndogo. *Tak*. Akahamisha waya wa kioo. Akawasha, na safari hii hakuthubutu kutazama. Alisikiliza tu feni zikianza, kama anavyosikiliza mtu pumzi za mgonjwa.

Alipofumbua macho, taa ya kijani ilikuwa inapepesa.

Mafaili yakaanza kumiminika, mia baada ya mia. Tsai-luan alisimama kando, mikono kiunoni, bila kula, bila kuketi. Saa kumi kasoro dakika tano faili la mwisho liliingia. Angeweza kufurahi. Badala yake akavuta kiti, akavaa vipokea sauti, na kuanza kumwinda mdogo wake.

Ndivyo alivyojiambia hasa: kumwinda. Alitaka kitu kimoja tu, ushahidi usio na mahali pa kuponyokea, amchape nacho usoni saa kumi na mbili kamili. Kusikiliza mafaili elfu moja kungechukua majuma, lakini kazi ya maisha yake ilimfundisha kuisoma sauti kwa macho. Aliyafungua kumi kumi, akaipitia michoro ya mawimbi kama mtu anayekagua safu za milima. Sauti ya baba yake ilikuwa mabonde mapana. Sauti ya kike ilikuwa vilele vyembamba, vya karibu karibu. Bonde, kilele, bonde, kilele: huyo angeweza kuwa mtu mmoja, na Ping-kun angesema hivyo. Akaendelea. Saa kumi na moja unusu, kwenye faili namba mia saba thelathini na tisa, mkono wake ulisimama. Vilele vilikuwa vimesimama juu ya bonde. Wakati mmoja. Kwa sekunde kumi na moja nzima.

Akabonyeza. Ulikuwa mchezo wa mjane na hakimu mla rushwa. Hakimu anacheka, kicheko kirefu cha kutoka tumboni, na ndani ya kicheko hichohicho mjane anaanza kuomboleza, na kilio chake kinapanda juu ya kicheko hadi kukifunika. Tsai-luan alikikumbuka kilio kile. Alilikumbuka kreti lililokuwa likimchoma mapaja. Alikuwa na miaka kumi na sita, na aliyekuwa akilia hakuwa mjane.

Mchezo ukaisha, makofi yakapigwa, lakini kanda iliendelea kuzunguka. Viti vikakunjwa. Mwanamume asiyemjua alisikika akisema: "Mzee Huo-tu, niambie kweli. Huyo mwanamke umemficha wapi?"

Baba yake akacheka. "Mwanamke yupi? Ni mimi huyu. Kinywa kimoja."

"Na huyo binti aliye chini?"

"Huyo? Anachemsha maji."

Kisha, karibu sana na kipaza sauti, sauti ya msichana, tulivu, ya utii, sauti ileile ya mjane bila machozi yake: "Yameshachemka, baba."

Tsai-luan akavua vipokea sauti, akavibwaga juu ya meza. Nani angedhani kwamba katika kanda zote elfu moja, ambaye angemkasirisha kupita baba, kupita Ping-kun, ni yule msichana? *Yameshachemka, baba.* Angeweza kusema neno jingine lolote. Mtu alikuwa amesimama pale, ameuliza. Lilihitajika neno moja.

Saa kumi na mbili kamili hodi ikabishwa.

"Umemaliza?" Ping-kun aliuliza, akitazama moja kwa moja kwenye sanduku. "Nimeegesha vibaya chini."

"Keti."

"Dada, nimesema nimeegesha..."

"Nimesema keti!"

Akaketi. Tsai-luan alichomoa waya wa vipokea sauti ili spika kubwa zizungumze, akabonyeza, na hakuitazama kompyuta. Alimtazama mdogo wake usoni, kwa ile njaa ya mtu aliyengoja miaka mingi kumwona mwingine anaanguka. Hakimu akacheka. Mjane akalia. Vilio na vicheko vikajaa chumba kidogo mpaka majirani wakazima redio yao. Kisha mgeni, na baba, na msichana wa maji.

Kanda ikafika mwisho.

"Rudia," Ping-kun alisema.

Akarudia.

"Rudia ile sehemu ya kicheko."

Akarudia. Ping-kun alikuwa amepauka, lakini hakuwa na uso wa mtu aliyefedheheshwa. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu.

"Hii ndiyo," alisema. "Hii hii. Uliposhaondoka alinichezea hii. Kila alfajiri, kabla ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. 'Sikiliza, mwanangu. Nacheka na kulia kwa pumzi moja. Mimi nimeweza. Wewe mjukuu wa nani hata ushindwe?'" Aliinua mkono kana kwamba anajikinga na kitu. "Kwa fimbo ya mwanzi, dada. Hapa, kwenye kifundo cha mkono, ili kikaragosi kisianguke. Miaka saba. Nilijaribu kwa pua. Nilijaribu kwa kuvuta pumzi ndani. Nilijaribu mpaka nikatema damu kwenye sinki."

Ping-kun aligusa shingo yake.

"Nimefanyiwa operesheni mbili za koo. Daktari wa pili aliniuliza, wewe mtu umekuwa ukifanya nini na hili koo? Nikamwambia, najifunza kuwa baba yangu." Akacheka, na kicheko kikakwama katikati, kikageuka kikohozi. "Na mlikuwa wawili! Mlikuwa wawili, yule mshenzi!"

Akaipiga meza kwa ngumi. Vikombe vikaruka, kimoja kikaanguka, na hakuna aliyekiokota.

Mtu aliyeshinda vita husubiri utamu uje. Tsai-luan aliusubiri, na haukuja. Mbele yake alikuwa ameketi mwanamume wa karibu miaka hamsini mwenye koo lililochanwa, aliyekuwa akimlilia mtu yuleyule ambaye na yeye Tsai-luan alimlilia, na hasira yake, iliyokuwa imemjua Ping-kun kama mbwa anavyoijua njia ya nyumbani, ilisimama katikati ya chumba bila kujua ielekee wapi. Lakini haikuondoka. Na alipoona haikuondoka, alijua kuna sehemu yake bado ni ya huyu hapa.

"Uliniita mwongo msibani," alisema.

"Ndiyo."

"Mbele ya shangazi zetu. Jeneza la baba likiwa pale."

"Ndiyo, dada."

"Hukuwa na hakika. Siku zile nikilia chini ya jukwaa ulikuwa mtoto. Hukuniuliza hata swali moja."

"Ningekuuliza vipi?" Ping-kun alisema. "Kama ulikuwa unasema kweli, basi mimi nilipigwa bure. Afadhali uwe mwongo."

Tsai-luan aliyapokea maneno hayo, akayageuza, na hakuona pa kuyapiga. Nje pikipiki zilikuwa zimeanza kelele zake za watu kutoka kazini. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano.

"Sema basi," alisema. "Hapa, nikusikie."

Ping-kun alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nilikuita mwongo. Na mwongo hukuwa wewe."

"Na kijitabu?"

"Kimeshachapwa. Mabango yameshatundikwa. Ufunguzi Jumamosi."

"Wachape tena."

Alitegemea abishe. Alikuwa ameyapanga maneno ya kumjibu, na mengine ya kumjibu akijibu. Ping-kun akatoa simu, akatafuta namba ya ofisi ya maonyesho, akabonyeza, akaisikiliza ikiita. Upande wa pili mtu akapokea. Ping-kun akafungua kinywa. Hakikutoka kitu ila pumzi na mkwaruzo. Akajaribu tena, akashika koo lake, akatikisa kichwa, akamsukumia dada yake simu juu ya meza.

"Haloo?" sauti ya msichana mchangamfu ilikuwa ikiuliza. "Haloo? Bwana Liao? Dereva wetu yuko njiani."

Tsai-luan aliitwaa simu. Kwa mara ya kwanza siku ile hakujua atumie sauti ipi. Ya hospitalini ilikuwa tayari ulimini, imejitokeza yenyewe kama mtumishi. Akaimeza.

"Mwambie dereva asubiri chini," alisema. "Mimi ni dada yake. Kuna kosa kwenye kijitabu chenu, na kwenye mabango. Michezo ya baba, kuanzia mwaka wa themanini na mbili hadi wa themanini na saba. Sauti za wanawake hazikuwa zake."

"Samahani, mama. Sauti zipi za wanawake?"

"Zote."

Ping-kun alikuwa ameinama, anaokota kikombe.

"Hili... hili itabidi nilipeleke kwa mkuu wangu," msichana alisema, na uchangamfu ulikuwa umemtoka. "Sijui atasemaje. Lakini niandike kwanza. Jina la aliyezitoa ni nani?"

"Liao Tsai-luan."

"Luan ipi, mama? Kuna alama nyingi zinazosomeka hivyo."

"Ile ya ndege wa hadithi. Alama yake ina mistari thelathini." Tsai-luan alisogeza kiti, akaketi. "Watu huwa wanaikatisha. Chukua kalamu, nitakungoja."